Nilimnyooshea Kidole Mkwe Wangu Mbele ya Kisiwa Kizima

"Umeua injini ya mume wangu!"

Nilipiga kelele hadi watu gatini wakaacha kamba zao.

Ilikuwa Mei, siku ya kushusha boti majini. Kisiwa kizima kilikuwa ufukweni. Na niliyemnyooshea kidole ni Tuulia, mke wa mwanangu...

Jamani, msinihukumu haraka.

Au nihukumuni tu. Nastahili.

Injini yenyewe ni ile ya kufungwa tumboni mwa boti, inayokunywa maji ya bahari ili isichemke. Marehemu mume wangu Eevert alivua nayo miaka arobaini. Na huku kwetu Ufini bahari huganda mpaka ukatembea juu yake. Kwa hiyo kabla ya baridi, injini lazima itolewe maji yote. Yakibaki yanaganda, yanavimba, chuma kinapasuka.

Eevert alipofariki, kazi hiyo akaichukua Tuulia. Ni fundi. Nusu ya boti za kisiwa alizifunga yeye kwa ajili ya baridi, na ndiyo riziki yake.

Sasa siku ile akafunua injini yetu... ufa! Mrefu kama kiganja.

"Mama, mimi maji nilitoa," akasema. "Nikajaza na dawa ya kuzuia kuganda."

"Dawa! Eevert aliwahi kuweka dawa?"

Jirani yetu Kaarlo, mdomo wake haujui likizo, akadakia: "Basi boti yangu nitaifunga mwenyewe. Bado naipenda!"

Watu wakacheka. Tuulia hakucheka. Akainama, akafungua koki ya chini ya injini. Yakatiririka maji yenye kutu.

"Tazameni! Dawa yangu ni ya rangi ya waridi. Haya ni maji matupu. Kuna mtu ameweka maji baada yangu!"

Nikashusha kidole changu.

Kwa sababu mtu huyo nilikuwa namjua.

Ni mimi.

Novemba iliyotangulia, siku ya kuwakumbuka wafu, niliwasha mshumaa kaburini kwa Eevert. Wakati wa kurudi nikapita bandani. Nikaona matone ya waridi chini ya boti. Nikasema, huyu binti ameinywesha sumu injini ya mzee wangu!

Na pia, niseme ukweli, nilitamani kuisikia ile injini.

Kila Oktoba, miaka yote ile, mimi ndiye niliyekuwa nashika mpira ndani ya ndoo ya maji baridi ya kisima. Eevert anawasha, injini inakunywa, chumvi inatoka. Halafu ananiambia, "Saimi, kateleke kahawa." Naenda. Akija jikoni anafuta mikono, kazi imekwisha.

Basi nikafanya vilevile. Nikatumbukiza mpira ndooni, nikazungusha hendeli mara tatu... tuk-tuk-tuk-tuk! Dawa yote ikatoka nje. Nililia, wenzangu. Nikaizima, nikarudi nyumbani moyo mweupe kabisa. Nimemwoshea mume wangu injini yake.

Nilichokuwa sikijui ni alichokuwa akifanya Eevert huku mimi natazama birika. Alikuwa anafungua koki, anachokoa tundu kwa waya, anangoja tone la mwisho. Miaka arobaini nilijua nusu ya kazi, nikadhani ni kazi nzima!

Haya, pale ufukweni nimeshaelewa. Nikasema nini?

"Visingizio!"

Nikageuka, nikaondoka.

Wiki tatu nikakaa kimya. Watu wakaanza kuchukua funguo za boti zao kwa Tuulia, mmoja mmoja. Nilikuwa nawaona dirishani.

Halafu asubuhi moja akaja kwangu na mkate mtamu wa iliki, bado wa moto.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Injini ya baba. Labda kweli nilisahau kitu. Siku hizi nafungua koki moja mara nne, bado sijiamini." Akaweka mkate mezani. "Nimepata kazi mjini Turku, kiwanda cha samaki. Jumapili naondoka na kivuko. Ufundi basi."

Nikafungua mdomo nimwambie. Mnajua nilichosema?

"Kula kwanza, mwanangu."

Aibu ile sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mkosaji ni mimi, na anayeomba radhi ni yeye!

Jumapili nikaenda gatini. Watu wamejaa, wanangoja kivuko. Tuulia amesimama na begi lake.

"Sikilizeni!" nikapaza sauti ileile.

"Eh, bibi," Kaarlo akasema, "leo unamshtaki nani?"

"Saimi! Injini niliipasua mimi. Niliweka maji Novemba, sikuyatoa. Tuulia hana kosa hata moja. Nilijua siku ileile, nikanyamaza."

Kaarlo akavua kofia yake.

Tuulia akanitazama.

"Wiki tatu, mama?"

"Wiki tatu."

"Na juzi nakuomba msamaha, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Kivuko kikaja, kikafungua mlango. Kaarlo akajipapasa mfukoni, akatoa ufunguo wa boti yake, akamnyooshea bila utani wowote. Tuulia akaupokea. Akabeba begi lake, akapanda kilima kurudi nyumbani. Mimi akanipita kama anapita nguzo.

Wapendwa, ukimvunjia mtu heshima hadharani, usiende kumwomba radhi jikoni. Rudi palepale ulipopigia kelele, na watu walewale wakusikie. Ndiyo maana nimeandika na humu, maana najua habari ya kwanza ilifika mbali.

Tuulia bado ananiita mama. Ila banda la boti amelitia kufuli jipya, na ufunguo hajanipa.

Sijauomba.