Nyumba Iliyozibwa Pua

Mama yangu amelala chumba kile kile miaka arobaini. Humo alituzaa, humo alimuuguza baba mpaka mwisho. Mwaka huu alisema anahama.

"Joto litaniua, mwanangu. Dada yako anakuja Jumamosi kunichukua."

Kosa lilikuwa letu. Juu ya kila dirisha palikuwa na matundu ya hewa. Zamani harufu ya mvua iliingia humo kabla ya mvua yenyewe. Mama alikuwa akipiga soga na jirani bila kutoka kitandani! Lakini mimi na mume wangu tukigombana, mtaa mzima ulipata habari. Basi mume wangu akayaziba kwa saruji. Siri zikakaa ndani, na joto nalo likakaa.

"Tununue feni ya pili," akasema aliposikia mama anahama.

Sikumsikiliza. Nilimwita fundi mwashi wa mtaani kwetu. Aligusa ukuta. Akatazama ukungu mweusi pembeni mwa dari.

"Shemeji, nyumba mmeiziba pua, halafu mnashangaa haipumui?"

"Feni ipo," mume wangu akajitetea.

"Feni inakoroga joto lile lile, kama mwiko kwenye sufuria. Umeme unakwenda, jasho linabaki. Hewa ya moto hupanda juu. Ifungulie njia huku, ya baridi iingie dirishani. Unyevu nao utatoka. Huu ukungu ndio unaomkohoza mama."

"Na mbu?"

"Weka wavu."

"Na siri zetu?"

"Gombaneni kwa kunong'ona, kaka."

Mama alicheka mpaka akakohoa.

Fundi alichonga saruji siku mbili, akafunga wavu. Mume wangu alipanda kupaka bati rangi nyeupe, kwa sababu nyeupe hulirudisha jua lilikotoka. Mimi nilisugua ukungu, kisha nikatundika mkeka nje ya dirisha la magharibi, jua la jioni lisiguse kioo.

Jumamosi dada alifika na teksi. Alimkuta mama amelala, feni imezimwa, shuka mpaka kiunoni.

"Mbona hajafunga mizigo?"

Mama akafumbua jicho moja. "Sina safari."

Dada akaketi kitandani abishane. Upepo ukapita. Akavua viatu.

"Hebu sogea, mama."

Teksi ikaondoka tupu.