Picha ya Ña Eulogia

Mgeni yule alikuwa akirudi kinyumenyume, jicho limeganda kwenye kamera, na kabla Liduvina hajawahi kumpigia kelele, akawa ameshakaa kitako ndani ya tenga la nyanya. Soko Namba Nne zima likaangua kicheko.

"Wewe kaka, huku kwetu watu wanatembea kwa mbele!" Liduvina alimwambia, akimshika mkono amwinue.

"Samahani, dada. Nilikuwa nakupiga picha wewe."

"Mimi? Na haya malapa yangu?"

"Malapa sikuyaona."

Alikuwa Mreno, jina lake Duarte, mrefu, shati lote rojorojo la nyanya. Alikuja Asunción kujitolea katika shirika lililowasaidia watu wa Bañado, mtaa wa bondeni kando ya mto, ambako Liduvina alizaliwa na alikuwa akifundisha chekechea. Duarte na wenzake, kila mmoja na nchi yake, walikaa nyumba moja jirani na kanisa. Walipika kwa zamu, wakagombania nani aoshe vyombo, na kila Jumapili ua wao ulijaa majirani, kikombe cha tereré, chai yao ya majani na maji ya barafu, kikipita mkono kwa mkono. Ukutani Duarte alibandika picha za wiki. Watu walikuja kujitafuta, wakataniana, wakabandua za kwao wakaondoka nazo.

"Mbona mimi nipo mara nne?" Liduvina aliuliza Jumapili moja.

"Ya tano imekosa nafasi, mpenzi."

Basi mapenzi yakaanza hivyo, na mtaa mzima ukajua kabla wao hawajakiri.

Kisha mto ukafurika. Maji yaliingia majumbani alfajiri, na Duarte akawa anabeba watoto mabegani huku akipiga picha. Mmoja wa aliowapiga picha ni Bi Eulogia, Ña Eulogia kama mtaa ulivyomwita, mama yake Liduvina, mjane ambaye hakuwahi kutoka hata getini bila kuchana nywele. Alikuwa amesimama juu ya meza, shimizi imelowa na kumganda mwilini, nywele timutimu, analia mdomo wazi.

Jioni Liduvina aliiona kwenye kamera. "Hiyo ifute."

"Nafuta. Tazama." Akaifuta mbele ya macho yake.

Maji yalipokwisha kupungua, Liduvina alivaa gauni lake la maua ya buluu akaenda mjini. Aliposhuka kwenye basi akamwona mama yake. Alikuwa juu ya duka la dawa, mkubwa kuliko nyumba, na shimizi yake na machozi yake, chini ya bango pameandikwa *Wasaidie*. Vijana wawili walikuwa wakimtazama na kucheka. Liduvina alimpigia Duarte simu.

"Lidu, kipenzi, nilikuwa nataka—"

"Ulifuta?"

"Lidu, nisikilize kwanza."

"Duarte, nakuuliza. Ile picha ulifuta?"

"Kwenye kamera, ndiyo. Lakini ofisi nilikuwa nimeshawapa nakala mchana. Niliogopa kukwambia. Nilidhani hawataitumia."

"Ulidhani! Mama yangu anachekwa barabarani, wewe ulidhani!"

"Naomba nije tuongee."

"Usikanyage kwetu." Akakata.

Ña Eulogia alipopata habari hakulia. Alifunga mlango, na Jumapili hakwenda misa. Majirani walikwenda kwa wageni mmoja mmoja, wakabandua picha zao zote, ukuta ukabaki mweupe. Jumapili hiyo wageni walikunywa tereré yao peke yao.

Siku zikapita. Simu ya Duarte ilipoita, Liduvina aliitazama tu mpaka inyamaze, kisha akajichukia kwa kuitazama. Halafu mchana mmoja akapiga simu Ilse, Mjerumani aliyekaa nyumba moja na Duarte.

"Lidu, Duarte yuko polisi. Amewabembeleza mabosi waliondoe lile bango, wamekataa, wanasema linaleta misaada. Leo amepanda mwenyewe, mchana kweupe, akalichana lote."

"Mwache akae huko huko," Liduvina alisema, lakini miguu ilikuwa imeshatafuta viatu.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Ña Eulogia alitoka na gauni lake jeusi la misa, hereni za dhahabu masikioni, nywele zimesukwa. "Nimesikia. Twende."

Kituoni mkurugenzi wa shirika alikuwa akimweleza ofisa kuhusu uharibifu wa mali ya shirika.

"Mali ya nani?" Ña Eulogia aliuliza. "Hebu nitazame, kijana. Kilichochanwa ni mimi. Kifua changu, machozi yangu. Anayedai hapa ni nani, wewe au mimi?"

Ofisa aliinama akijifanya anatafuta kalamu. Mkurugenzi alisema shirika halina madai, ila Duarte hana kazi tena, akatoka.

Ña Eulogia akamgeukia Duarte. "Na wewe ulimdanganya binti yangu."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama bado." Akatangulia nje.

Kwenye ngazi, jua la alasiri likiwachoma, wawili hao walisimama mbalimbali. Viganja vya Duarte vilikuwa na damu, nywele zimegandana kwa gundi.

"Kibali changu cha kukaa nchini kinakwisha," alisema. "Lakini si kwa sababu hiyo. Nataka kukuoa, Lidu."

"Ulinidanganya huku unanitazama machoni."

"Ndiyo. Niliogopa kukukosa."

"Ukiogopa tena utafanyaje?"

"Nitakwambia kwamba naogopa. Kama sasa hivi."

Liduvina alivitazama vile viganja. "Unanuka mahabusu," alisema mwishowe. "Kaoge kwetu. Kisha uniulize mbele ya mama."

Akaoga uani, akavaa shati la marehemu baba yake Liduvina, mikono ikamwishia kwenye viwiko. Akauliza tena.

"Ndiyo," Liduvina alinong'ona.

"Paza sauti!" Ña Eulogia alisema kutoka mlangoni pa jikoni. "Majirani hawajasikia."