Daftari la Pamba

Kila siku akitoka shule, Belyse alivua viatu mlangoni na kuingia ndani kwa kunyata, asije akamshtua Pamba. Huyo alikuwa mbwa mdogo mweupe aliyejificha chini ya meza ya cherehani, nyuma ya mfuko wa vipande vya vitambaa.

Yalikuwa majira ya baridi ya mwaka 2011, huko Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Belyse alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake, Gaudence, mkimbizi kutoka Burundi, alishona nguo katika chumba cha mbele. Pamba aliletwa na Mama Hélène, Mkongo aliyefanya kazi kwenye makao ya mbwa waliookolewa.

"Miaka sita alifungiwa kwenye tundu, akizalishwa watoto wa kuuzwa," Mama Hélène aliwaeleza siku alipomleta. "Hajui nyumba ni nini. Mkono wa mtu, kwake, ni kitu cha kumkamata tu. Msimshike. Mngojeni."

Kisha akampa Belyse daftari. "Kila siku andika alichokula na alichofanya. Nitakuja kusoma kila Jumamosi. Mwezi ukiisha bado ana hofu, itabidi nimtafutie nyumba yenye mbwa wenzake."

Maneno hayo ya mwisho yalimkaa Belyse moyoni kama mwiba.

Wiki ya kwanza aliandika ukweli: Pamba amekula kidogo, Pamba hajatoka. Wiki ya pili, alasiri moja, jua la baridi liliingia dirishani na kutandaa sakafuni. Cherehani ilinguruma polepole. Belyse aliegemea ukuta, macho nusu yamefumbwa, akamwona Pamba akikimbia bustanini juu ya majani makavu ya rangi ya dhahabu, masikio yakipepea, miguu kama haigusi chini. Ndoto ile ilikuwa tamu mno. Akachukua kalamu, akaandika: "Leo Pamba amemaliza chakula chote. Amelala miguuni pangu."

Alipoinua uso, bakuli lilikuwa limejaa vilevile, na macho mawili meusi yalikuwa yakimtazama kutoka gizani.

Kesho yake aliandika mazuri zaidi. Chakula kilichobaki alikimwaga kwenye pipa kabla mama yake hajakiona.

Jumamosi Mama Hélène alisoma huku akitabasamu. "Sharp, safi kabisa! Amebadilika upesi hivi? Basi wiki ijayo sitapita. Tumepokea mbwa wengine kumi na wawili, na hali zao ni mbaya."

Alhamisi iliyofuata, Belyse alilala kifudifudi sakafuni na kusogeza bakuli la maji. Kwa mara ya kwanza Pamba hakurudi nyuma. Belyse alifurahi, lakini furaha ile haikudumu. Alipotazama vizuri aliona ute ukimdondoka Pamba mdomoni, na miguu ikitetemeka. Hakurudi nyuma kwa sababu hakuwa na nguvu.

"Mama," aliita. "Nimedanganya. Pamba hali. Hajala tangu Jumatatu."

Cherehani ikanyamaza. Gaudence akabonyeza namba kwenye simu na kumpa binti yake. "Mwambie Mama Hélène mwenyewe."

Belyse alisema yote huku analia: ndoto, daftari, pipa. Haikupita saa moja Mama Hélène akafika, wakampeleka Pamba kwa daktari wa mifugo. Daktari alimkuta na meno manne yaliyooza na usaha kwenye ufizi. "Mngechelewa kidogo tu, tungempoteza," alisema.

Pamba alirudi Jumapili, meno mabovu yameng'olewa. Belyse alisimama kando, mikono nyuma. "Utamchukua, Mama Hélène?"

"Simchukui. Na mimi nilikosea kukuwekea mwezi mmoja. Hofu ya miaka sita haiishi kwa tarehe." Mama Hélène aliketi. "Lakini nisikilize, mwanangu. Pamba hawezi kusema panapomuuma. Alikutegemea wewe umsemee. Ulipoandika uongo, ulimnyima hata hiyo sauti moja aliyokuwa nayo. Kuota si kosa. Ota upendavyo. Ila mtu anapokutegemea umwambie hali ilivyo, mwambie ilivyo, hata kama si nzuri. Ndipo msaada unapofika."

"Nimeelewa," Belyse alisema. "Nisamehe."

Gaudence alileta wali laini uliolowekwa kwenye supu. Belyse akachota kidogo kwa vidole, akanyoosha mkono chini ya meza, akatulia. Nje magari yalipita. Baada ya muda mrefu akahisi pua yenye ubaridi ikigusa kiganja chake, kisha ulimi mdogo wenye joto, ukilamba taratibu.