Programu ya Kumchungulia Fundi Wenceslao

Kila siku akitoka shule, Marleni Tubac alibwaga mkoba kitandani, akala tortilla mbili, vile vichapati vya mahindi, kwa maharage akiwa wima, kisha akashuka mbio hadi kwenye ghala la zamani la mahindi, ambamo kina mama wa kundi la Nyuzi za Alfajiri walikuwa wakitengeneza tiara yao, kishada kikubwa cha karatasi. Tangu mwezi wa Juni wanawake kumi na wanne walikuwa wamepiga magoti sakafuni, wakibandika vipande vya karatasi laini, vingine vidogo kama ukucha wa mtoto, kwenye tiara ambayo ikisimamishwa Siku ya Watakatifu Wote ingefika mita kumi na mbili. Marleni hakupiga magoti. Alikoroga gundi kidogo, akampitishia huyu mkasi na yule brashi, kisha akajifuta mikono na kutoa simu.

Kazi yake ilikuwa kuendesha akaunti ya kundi kwenye mtandao. Kina mama walimpa kazi hiyo kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi na vya kwao vilikuwa na gundi. Yeye, kwa miaka yake kumi na mitatu, akadhani wamemtawaza. Ukurasa ulikuwa na wafuasi elfu sita, na Marleni aliamini kwamba wote walikuja kumtazama yeye.

Mtu ambaye Marleni alimdharau kuliko wote ni shangazi yake, Eulalia, karani wa ushirika wa wakulima wa mboga, ambaye naye alikuwa wa kundi. Eulalia alisoma kila kitu kwenye simu kwa kidole, neno baada ya neno, miwani imemshukia puani. Siku moja kundi lilitaka programu ya kupanga mapema machapisho ya wiki nzima. Eulalia alikaa nusu saa nzima akisoma ruhusa ilizoomba, kabla hajaiunganisha na akaunti.

"Shangazi, ukimaliza kusoma hayo, Watakatifu Wote watakuwa wameshakuja na kurudi zao," Marleni alisema, na kina mama wawili wakacheka.

"Nasoma ninachokikubali," alijibu Eulalia bila kuinua kichwa. "Hii inaomba kuchapisha tu yale tuliyoyaandaa wenyewe. Haiombi kusoma ujumbe wetu. Hiyo naielewa."

Marleni akazungusha macho. Mambo ya wazee, alijiambia.

Sasa, huku mjini Sumpango mchoro wa tiara ni siri mpaka alfajiri ya siku yenyewe. Madirisha ya ghala huzibwa kwa magunia, na mke hamwambii mumewe anabandika nini. Mwaka huo siri ilikuwa nzito zaidi. Katikati ya tiara, ndani ya pete tatu za maua na ndege, kina mama walikuwa wamebandika uso wa Petrona, mwanzilishi wa kundi, aliyefariki mwezi wa Februari. Petrona alikuwa mama yake Eulalia na bibi yake Marleni. Mumewe, Babu Chepe, hakuambiwa neno. Walitaka auone uso huo kwa mara ya kwanza ukiinuka mbele yake, karibu na makaburi. Sehemu zilizokamilika zilipigwa picha na kutumwa kwenye ujumbe wa faragha wa akaunti, ili wenzao waliokuwa vibaruani jijini nao wazione. Picha ya uso ilitumwa Jumapili.

Tatizo la Marleni lilikuwa kundi pinzani la Mabawa ya Volkeno. Aliwashuku kwa kila kitu. Wakitumia rangi ya zambarau, wameiba zambarau yao. Wakinyamaza, wanapanga hila. Kwa hiyo Jumapili hiyo hiyo, tangazo la programu iitwayo Nani Kachungulia lilipomwahidi kumwonyesha kila anayechungulia ukurasa wake, hakufikiri mara mbili. Programu ilimwomba ruhusa tatu: kusoma ujumbe wa faragha, kuona picha zote, na kuchapisha kwa jina la akaunti. Maandishi yalikuwa wazi, mtoto wa darasa la pili angeyasoma. Marleni aliona neno "Kubali" likiwaka chini, akaligusa.

Programu ikamletea orodha. Jina la kwanza: Wenceslao Xuyá, mara arobaini na saba. Huyo alikuwa seremala na kiongozi wa Mabawa.

"Mtu mzima na masharubu yake," Marleni alisema peke yake, midomo ameibetua. "Anakodolea macho kazi ya wanawake."

Jumatatu saa tisa alasiri, ukurasa wa kundi ukachapisha wenyewe. "Kumbukumbu tamu ya leo!" yaliandikwa maneno hayo, yamezungushiwa mioyo na maua ya kipuuzi, na chini yake ilikuwa picha ya pete ya nje ya tiara. Marleni aliinyakua simu. Alifuta chapisho, kisha akaiondoa programu kwenye simu yake na kuhema. Yamekwisha, alijiambia.

Jumanne saa tisa, ikatoka pete ya pili.

Safari hii Mama Tránsito, kiongozi wa kundi, aliiona kwenye simu ya bintiye kabla Marleni hajaifuta. Mama Tránsito alikuwa na sauti ya kuita mbuzi wa mlima wa pili.

"Nani katoa picha hii? Marleni, akaunti si unayo wewe?"

Hapo ndipo Marleni angeweza kusema kweli, ikaisha kwa kukemewa kidogo. Lakini mtu aliyezoea kuwatazama wenzake kutoka juu huona ni mbali mno kushuka.

"Ni Mabawa," alisema. "Wameiba neno letu la siri. Fundi Wenceslao hatoki kwenye ukurasa wetu, nina ushahidi."

Mama Tránsito hakungoja ushahidi. Alimshika Marleni mkono, wakapanda hadi kwenye karakana ya useremala. Fundi Wenceslao alikuwa akipiga randa ubao, na hakuacha kupiga randa.

"Mmekuwa wezi siku hizi, Fundi?" aliuliza Mama Tránsito. "Mwanaume mwenye akili zako unaingia kwenye akaunti ya kina mama?"

"Akaunti ipi?"

"Usijitie hamnazo. Umeifungua mara arobaini na saba."

Fundi alipuliza vumbi la mbao. "Tránsito, mimi ukurasa wenu niliufungua mara moja, mwezi wa nane. Nikakuta picha kumi na nne za uso wa huyu mtoto, nikaufunga. Nina tiara ya mita kumi na tano ya kumaliza. Nikuibie wewe ili iwe nini?"

Maneno yale yalimchoma Marleni kuliko tusi. Aliona aibu, na kwa kuwa aliona aibu, akauacha uongo wake uendelee. Mama Tránsito aliondoka akiapa kwamba Nyuzi na Mabawa hawatasalimiana tena mpaka kiama. Jioni hiyo Marleni alibadilisha simu ya kuendeshea akaunti, akaazima ya kaka yake, akidhani shetani yumo ndani ya simu.

Jumatano saa tisa, pete ya tatu ikatoka.

Marleni alikuwa kwa Babu Chepe wakati huo. Kila siku saa tisa mzee huyo alikunywa kahawa yake kwa kipande cha mkate mtamu, simu ameiegemeza kwenye bakuli la sukari, akitazama ukurasa wa kundi la marehemu mkewe. Hakuruka hata siku moja. Aliitazama ile pete ya tatu, akaigusa kwa kidole chenye sugu.

"Wamefanya vizuri," alisema. "Hawa ndege ni wale wa kwenye shuka za bibi yako. Sasa katikati wataweka nini?"

Marleni alihesabu kichwani. Picha zilikuwa zikitoka kwa mpangilio ule ule zilivyotumwa, moja kila siku, na baada ya pete ya tatu palikuwa na picha moja tu. Kesho saa tisa Babu angekaa hapa hapa na kahawa yake, na uso wa Petrona ungemtokea ukiwa umezungukwa na mioyo na maua ya kipuuzi. Miezi mitano ya kina mama ingeishia juu ya bakuli la sukari.

Alhamisi alitoka shule saa sita na nusu. Hakupitia nyumbani wala hakula. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa shangazi yake, akasimama mlangoni.

"Shangazi, si Mabawa. Ni mimi."

Alieleza yote, kuanzia tangazo mpaka uongo wa karakanani. Eulalia alimsikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kwa hiyo ulitaka kumkamata mchunguliaji," alisema. "Ukamwalika mwingine usiyemjua, ukampa ruhusa ya kusoma ujumbe wa watu kumi na wanne, bila hata kusoma anachoomba. Na mimi ndiye mshamba wa miwani. Hebu lete simu."

"Lakini niliifuta programu, Shangazi. Nikabadilisha na simu."

"Ulifuta alama yake tu kwenye simu. Ruhusa uliitoa kwenye akaunti, na huko ndiko iliko bado."

Akaivuta miwani ikae sawa. Alifungua mipangilio ya akaunti, akashuka kwa kidole chake cha polepole hadi palipoandikwa "Programu zilizounganishwa". Zilikuwa mbili. Moja ni ile ya kupanga machapisho. Ya pili ilikuwa Nani Kachungulia, na chini yake ruhusa zake tatu, moja moja, kama Marleni alivyozikubali. Eulalia alimtaka Marleni azisome zote kwa sauti. Kisha akamwambia aguse "Ondoa" mwenyewe.

"Na hii nyingine, nayo tuiondoe?" Marleni aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ya nini? Hiyo tunajua ni ya nani, tunaihitaji, na haina ruhusa ila ya kazi yake. Programu si uchawi, Marleni. Baya ni kumpa mtu ufunguo wa nyumba nzima kwa kuwa kaomba maji ya kunywa."

Wakaondoa akaunti kwenye simu zote ilikokuwa imefunguliwa. Wakaweka neno jipya la siri, refu, lisilo na jina la mtu wala mwaka. Wakakagua kama kuna chapisho lililopangwa kutoka, wakakuta hakuna. Mwisho wakafuta picha za tiara kwenye ujumbe.

"Lakini ilijuaje habari za Fundi Wenceslao?" Marleni aliuliza.

"Haikujua kitu. Ilichukua majina ya wafuasi wetu, ikayachanganya, ikabandika na namba. Hakuna programu ya namna hiyo inayojua nani kachungulia. Ilijua tu kwamba wapumbavu wanaotaka kujua hawaishi."

Saa tisa kasorobo walikuwa kwa Babu Chepe. Eulalia alikubali kahawa ambayo hakuinywa. Marleni aliikodolea simu ile kwenye bakuli la sukari mpaka macho yakamwasha. Saa tisa ikafika. Ikawa saa tisa na dakika tano, na kumi. Babu aliburuta ukurasa chini, akauburuta tena.

"Leo hamna kitu?"

"Leo hamna, Babu," alisema Marleni, na machozi yakamtoka, akasingizia moshi wa jikoni.

Ijumaa alisimama mbele ya kina mama na kukiri. Hakuna aliyemhurumia sana. Mama Tránsito alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayekagua nyanya iliyooza.

"Magoti yangu yapo kwenye saruji hii tangu Juni," alisema. "Na umenipeleka kumwita mtu mwizi kwenye karakana yake. Twende."

Walipanda tena kwa seremala, kundi zima safari hii, na Marleni ndiye aliyetangulia.

"Shikamoo, Fundi," alisema. "Niliwasingizia. Programu niliyoiunganisha mimi ndiyo iliyotoa picha, nami nilijua."

Fundi Wenceslao aliiweka randa chini. "Marahaba. Ungekuwa mwanangu ungelala na njaa," alisema. "Ila umekuja kwa miguu yako, na wakubwa wengi hawaji." Kisha akamgeukia Mama Tránsito. "Na wewe, jirani, siku nyingine uliza kwanza, ndipo upige kelele." Mama Tránsito aliomba radhi kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo.

Akaunti ikahamia mikononi mwa Eulalia. Marleni akapewa brashi na nafasi sakafuni, na kwa wiki tatu alipiga magoti kama wengine, akibandika majani ya kijani kwenye ukingo mpaka ngozi ikachubuka. Usiulize kama alifurahia. Lakini alikuja kila siku.

Alfajiri ya Siku ya Watakatifu Wote, kundi la wanaume na wanawake lilivuta kamba kwenye uwanja ulio jirani na makaburi. Tiara iliinuka taratibu, pete ya kwanza, ya pili, ya tatu, na uso wa Petrona ukasimama angani ukitazama mji. Babu Chepe alivua kofia. Alishika bega la Eulalia, akalia waziwazi mbele za watu, bila kujifuta, akimwita mkewe kwa jina alilomwita ujanani, ambalo hata wanawe hawakulijua.

Marleni alikuwa kwenye kamba ya kushoto. Shangazi yake alimsogelea.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Shangazi."

"Hiyo ndiyo ungemnyima, ili ujue eti nani anachungulia ukurasa. Programu ikikuomba ruhusa, usijiulize kwanza itakupa nini. Soma inataka kuchukua nini, na hicho ni cha nani. Kama si chako peke yako, kidole chako peke yako hakitoshi kukubali. Na ukishakosea, usimtafute wa kumbebesha. Njoo siku ile ile, hata kama unayemwendea unamdharau."

"Sikudharau tena, Shangazi."

"Tutaona. Shika kamba vizuri, upepo unaanza."

Marleni akaizungusha kamba mkononi mara mbili, akakaza miguu ardhini pamoja na wenzake.