Jina Juu ya Mzinga

Kila asubuhi karakana ya Ndirangu, mtaani Umoja, iliamka kwa sauti ya randa. Pale mbele, mkewe Nduta aliuza asali. Asali hiyo ilitoka kwa Waogiek wa msitu wa Mau, watu wanaorina asali tangu enzi za mababu zao. Wateja waliipenda mno.

Siku moja Ndirangu akaunda mizinga ya mbao. Akaipaka rangi ya samawati inayong'aa. Kila mzinga akauandika kwa herufi kubwa: NDIRANGU FANICHA, UMOJA. Akaipakia kwenye pikapu, akapanda Mau bila kumwarifu mtu, akaitundika kwenye miti mizuri aliyoiona.

Haikupita wiki, mizinga yote ikarudishwa Umoja kwa lori la viazi. Kisha simu ikalia. Alikuwa Tabutany, mwenyekiti wa kikundi cha asali cha Waogiek.

"Ndirangu, ule mti mkubwa ni wa ukoo wa baba yangu. Siku hizi unaitwa Ndirangu Fanicha?"

"Lakini mama, niliwaletea zawadi!"

"Mbona zawadi yako haikubisha hodi? Asali hatuleti tena."

Nduta alilitazama debe tupu. "Baba Nyawira," akamwambia mumewe, "sasa nitauza nini? Rangi?"

Jirani yao Khavere, aliyefanya kazi miaka mingi na wafugaji nyuki, alisikia kisa hicho, akaja.

"Ndirangu," alisema, "mtu akiingia nyumbani kwako, apigilie msumari sebuleni, atundike picha yake, utamshukuru?"

"Nitamtoa mbio!"

"Hata picha ikiwa nzuri?"

"Hata iwe ya dhahabu!"

"Basi ule msitu ndio sebule yao. Kila sehemu ina ukoo wake. Piga simu, omba radhi, uliza kama unaweza kwenda, na lini. Ukifika, sikiliza wote: wazee, akina mama na vijana. Uliza wanataka nini. Wakisema hapana, kunywa chai urudi nyumbani."

"Na mizinga yangu?"

"Iache hapa. Nenda na masikio."

Ndirangu alimeza kiburi chake. Aliomba radhi, akangoja hadi alipoitwa. Huko Mau alikaa nao kutwa kwenye ukumbi wa kanisa. Wakamwambia mzinga uwe wa mbao za mti wa mwangati, kama mizinga yao ya magogo, na rangi asipake, kwani nyuki huchukia harufu yake. Kila ukoo utatundika wenyewe, kwenye miti yake.

"Na zile chupa za mkeo?" Tabutany akauliza. "Zimeandikwa Asali ya Umoja. Kwani kuna nyuki gani Umoja?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ndirangu naye akacheka hadi machozi. Wakakubaliana chupa ziandikwe Asali ya Waogiek wa Mau.

Ndirangu akaunda mizinga mipya kama walivyotaka, na kila ukoo ukaitundika. Msimu wa maua ulipofika, nyuki waliingia kila mzinga. Asali ikaja Umoja kwa madebe, na foleni ya wateja wa Nduta ikafika kona ya duka la mitumba. Tabutany mwenyewe alialikwa, akaja. Akazunguka karakana, akapapasa mzinga mpya.

"Mbona hukuandika jina lako?"

"Sithubutu, mama!"

"Andika. Liwe dogo, ndani ya kifuniko. Na namba ya simu. Watu wa ukoo wa ng'ambo ya mto wananisumbua, wanataka kujua fundi wetu ni nani."

Ndirangu akachomoa penseli nyuma ya sikio. Akageuza kifuniko, akaandika kwa herufi ndogo.