Maji Yaliyoshuka Magengeni

Kila Jumamosi Anifa alikuwa na kazi moja asiyoipenda: kuosha viatu vya watu asiowajua. Baba yake, Bakili, aliuza viatu vya mitumba katika soko la Mchikichini, na nani atanunua kiatu chenye tope la nchi za watu? Kwa hiyo Anifa alikaa uani kwao, Mtaa wa Mkoroshoni, akiwa na beseni, sabuni ya unga na mswaki uliochakaa, akasugua soli mpaka vidole vikanywea.

Siku hiyo rafiki yake Leticia alikuja kumsaidia. Leticia aliishi Mtaa wa Magengeni, ng'ambo ya kivuko cha mbao kilichojengwa juu ya mtaro. Wote wawili walisoma darasa la sita na walikaa dawati moja.

"Hiki kimevaliwa na jitu," Leticia alisema huku akiinua raba kubwa. "Mtoto mchanga anaweza kulala humu, na mto wake."

Walicheka mpaka povu likamwagika. Tusimfichie Anifa, alikuwa mwoga. Aliogopa mbwa, radi, mwalimu wa hisabati na hata jogoo wa jirani. Akiwa na Leticia, hofu ile ilipungua kidogo, kwa sababu Leticia hakuogopa kitu.

Ilipofika saa nane mchana, wingu zito lilifunga upande wa Pugu. Leticia alikimbia kwao. Muda si mrefu mvua ya masika ilianza kupiga mabati kwa kishindo, na mtaro uliopita nyuma ya nyumba ulijaa mpaka ukingoni.

Ndipo baba alipotoka na koleo. Choo chao kilikuwa kimejaa tangu wiki iliyopita.

"Leo ndiyo leo," baba alisema. "Tukitapishe."

Pale Mkoroshoni kila mtu alijua maana yake. Kwenye ukuta wa shimo la choo, upande wa mtaro, kulikuwa na tundu lililozibwa kwa gunia la mchanga. Mvua kubwa ikinyesha, gunia linatolewa, na uchafu unaondoka na maji ya mvua. Gari la kunyonya majitaka halipiti kwenye vichochoro vyetu, watu walisema, sasa tufanyeje? Walifanya hivyo baba zao, wakafanya hivyo na wao.

"Anifa, kasimame pale kona," baba alisema. "Ukimwona mtu wa afya, piga mluzi."

Anifa alisimama kwenye mvua. Aliyaona maji meusi yakitoka nyuma ya nyumba yao, yakipita chini ya kivuko na kuteremka Magengeni. Kutoka huko yangeingia Mto Msimbazi, kisha baharini. Mwalimu wa sayansi alikuwa ameyafundisha hayo yote darasani. Lakini hakuna mtu wa afya aliyepita, na Anifa hakupiga mluzi.

Mvua ilipopungua, baba alilitafuta gunia lake ili azibe. Halikuwepo. Maji yalikuwa yamelisomba.

"Tutaziba kesho," alisema. Kesho yake aliondoka alfajiri kwenda sokoni, akasahau.

Jumatatu Leticia hakuja shule. Dawati lilikuwa pana upande wake, na Anifa hakusikia somo hata moja. Kengele ilipolia alivuka kivuko mbio. Mlango wa kina Leticia ulikuwa na kufuli. Mabenchi ya Mama Selina, mama yake Leticia, mama ntilie aliyeuza wali nje ya nyumba yao, yalikuwa yamepinduliwa na meko yalikuwa baridi.

Jirani yao, Mzee Zakayo, fundi cherehani, alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unamtafuta Leticia? Amepelekwa kwenye mahema ya wagonjwa tangu alfajiri. Anahara na kutapika mpaka macho yameingia ndani. Wanasema ni kipindupindu." Mzee alitikisa kichwa. "Tena bomba limekauka tangu juzi, tunategemea kisima tu."

Alichota maji kwenye ndoo kwa kikombe cha bati, akanywa.

Anifa alikitazama kisima. Kilikuwa hatua tano tu kutoka kwenye mtaro, na mdomo wake ulikuwa chini kabisa. Tope la mafuriko lilikuwa limekauka juu ya mdomo huo. Tundu la choo chao bado lilikuwa wazi. Maji yale meusi yalikuwa yakishuka hata saa hiyo, kidogo kidogo, mchana na usiku.

Babu, usinywe! Maneno yalimfika kooni. Akisema, mzee atauliza, umejuaje? Atauliza, choo cha nani? Na baba atafungwa.

"Kwa heri, babu," alisema, akaondoka.

Jioni alimsogelea baba yake aliyekuwa akipanga viatu.

"Baba, lile tundu tumeliziba?"

Baba alitazama mlangoni kwanza. "Nyamaza kabisa. Magengeni watu wanaumwa. Wakisikia, watatuchomea nyumba. Nikionekana nikiziba sasa, watajua." Sauti yake ilikuwa ndogo, na Anifa alishtuka kugundua kwamba baba naye anaogopa. Hilo lilimtisha kuliko kipindupindu chenyewe.

Jumanne wagonjwa walifika wanne. Wa nne alikuwa Mzee Zakayo. Anifa alipopata habari hiyo alikimbilia chooni, chooni kulekule, akalia huku ameziba mdomo kwa mikono miwili. Akilini alimwona mzee akiinua kile kikombe cha bati. Alimwona tena na tena, na kila mara yeye alikuwa amesimama pembeni, kimya.

Jumatano baada ya shule alivuka tena kivuko. Umati ulikuwa umekusanyika karibu na kisima. Mama Selina alikuwa amekaa chini, kanga imemlegea. Mbele yake alisimama Evelyn, Bibi Afya wa kata, pamoja na Mwenyekiti wa Mtaa wa Magengeni, Mzee Hafidhi.

"Wali wako ndio ulioleta balaa!" mwanamke mmoja alimpigia kelele Mama Selina.

"Nimpe mwanangu mwenyewe sumu?" Mama Selina alilia. "Leticia hajafumbua macho tangu jana! Nyinyi mnaniletea maneno ya wali?"

"Tumekagua mtaa mzima mpaka kivukoni," Mzee Hafidhi alimwambia Bibi Afya. "Hatujaona kitu kingine. Huko juu si mtaa wetu."

Wakati wakibishana, mtoto mdogo wa miaka kama minne alisogea kisimani. Dada yake alikuwa ametoka kuchota. Mtoto akachovya kikombe ndani ya ndoo, akakiinua.

"Usinywe!"

Anifa hakujua kama sauti ile ni yake. Aliruka, akakipiga kikombe kikaanguka, kisha akaipiga ndoo teke. Maji yakamwagikia miguu ya watu.

"We mtoto, una wazimu?" dada mtu alifoka.

Watu wote walimgeukia. Angeweza kukimbia. Kivuko kilikuwa karibu.

"Maji yana uchafu," alisema. "Yametoka kwetu. Jumamosi tulitapisha choo, gunia likasombwa, tundu bado liko wazi. Mimi ndiye niliyelinda kona."

Mama Selina aliinua uso, akamkazia macho. Anifa alitamani apigwe, kuliko kutazamwa vile.

Bibi Afya alimshika mkono. "Nionyeshe."

Walipofika katikati ya kivuko, Mzee Hafidhi alisimama. "Mama, mtaa wangu unaishia hapa. Nikiingia Mkoroshoni kukagua vyoo bila taarifa, itakuwa ugomvi."

"Ndiyo maana tumechelewa," Bibi Afya alijibu. "Kila mtu anakagua mpaka kivukoni, halafu anageuza. Mpigie mwenzako aje, tuingie wote."

Mwenyekiti wa Mkoroshoni, Mzee Rajabu, alikuja akiwa amekunja uso. Aliukunjua alipoona yaliyokuwa nyuma ya nyumba ya kina Anifa. Waliufuata mtaro nyumba kwa nyumba, na hawakukuta tundu moja tu. Walikuta kumi na moja, matatu yakiwa bado yanatiririka. Mzee Rajabu alivua kofia, akajipangusa jasho. Tundu la tisa lilikuwa la kwake.

Baba aliitwa kutoka sokoni. Alipowaona watu uani kwake, mabega yalimshuka.

"Nani kasema?" Mzee Rajabu alitaka kujua.

"Msimuulize mtoto," baba alisema. "Nilimsimamisha mimi pale kona. Choo ni changu na kosa ni langu. Nipeni koleo."

Siku hiyohiyo matundu yalizibwa kwa saruji, na kisima kilifungwa. Maji yake yalipopimwa yalikutwa na vimelea vya kipindupindu. Wenye nyumba waliadhibiwa kwa sheria za usafi, baba Anifa akiwemo, na Mama Selina alitangaziwa hadharani kwamba wali wake haukuwa na kosa.

Jumapili iliyofuata mitaa yote miwili ilikutana kwenye uwanja wa shule. Mwanzoni walikaa mbalimbali, Magengeni huku, Mkoroshoni kule, wakitupiana maneno. Bibi Afya aliwaacha wachoke, kisha akamwita baba Anifa.

"Kwenu ni wapi, ndugu Bakili?"

"Kusini, karibu na Mto Ruvuma."

"Ng'ambo ya mto kuna nani?"

"Msumbiji."

"Wa Msumbiji wakitupa uchafu mtoni, nyinyi mnapona?"

"Hatuponi. Na sisi tukitupa, wao hawaponi."

"Basi nchi mbili zinazotumia mto mmoja hazina budi kukaa meza moja. Na bahari yetu hii hii, uchafu unaotoka Msimbazi unachukuliwa na mikondo, unaweza kufika fukwe za nchi nyingine. Nyinyi mnatenganishwa na mbao sita za kivuko. Mnashindwaje?"

Watu walicheka kwa aibu. Kabla ya jua kuzama walikuwa na kamati moja ya mtaro, nusu Magengeni, nusu Mkoroshoni, yenye ruhusa ya kukagua pande zote mbili. Walikubaliana pia kuleta guta, baiskeli ya magurudumu matatu, lenye mapipa na pampu ya mkono, ambalo lingepita vichochoroni na kupeleka majitaka kwenye mabwawa ya kuyasafishia. Mtu wa kwanza kuandikisha choo chake alikuwa baba Anifa.

Leticia alirudi nyumbani Jumatatu, amekonda, mdomo mkavu, lakini macho yako wazi. Mzee Zakayo naye aliruhusiwa siku hiyohiyo. Kesho yake Anifa alibisha hodi kwa kina Leticia.

"Mambo?" Leticia alisema kwa sauti ya chini kutoka kitandani.

"Poa." Anifa hakuweza kuketi. "Leticia, nililinda kona siku ile. Halafu nilimwona Mzee Zakayo akinywa maji ya kisima, nikanyamaza. Nilinyamaza siku mbili."

Leticia aligeukia ukutani. Hatimaye alisema, "Ningekuwa mimi, ningekwambia." Kisha akasogea kitandani, akamwachia nafasi.

Mama Selina alikuwa mlangoni, ameshika glasi ya maji yaliyochemshwa.

"Mwanangu, nimekusamehe, na nakushukuru kwa yule mtoto uliyemnyang'anya kikombe," alisema. "Lakini nisikilize. Jumatatu uliogopa ukanyamaza. Jumatano uliogopa vilevile, ukasema. Hofu ilikuwa ileile, ila siku mbili hizo mzee wa watu nusura afe. Kwa hiyo usisubiri hofu iishe. Ukijua uchafu wenu unashuka kwenye maji ya wenzenu, sema siku hiyohiyo, hata kama hao wenzenu wanaishi mtaa mwingine, au nchi nyingine."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mzee Zakayo anajua tundu lilikuwa lenu. Hajui kwamba ulimwona akinywa."

Anifa alielewa. Alitoka nje, akavuka uwanja mdogo uliokuwa kati ya nyumba mbili. Cherehani ya mzee ilikuwa imeanza kulia tena, polepole. Anifa alisimama mlangoni.

"Hodi, babu," alisema kwa sauti. "Nimekuja kukwambia jambo."