Mawe Sita ya Kipaza

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, Kipaza alibeba mawe yake hadi bombani. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama yake, mshonaji wa nguo, alisema mtoto huyo alizaliwa akiuliza swali. Mawe yalikuwa sita. Aliyapanga kwenye foleni, moja nyuma ya jingine, kisha akarudi nyumbani akiimba.

Msidhani alikuwa akicheza. Katika kambi ile ya wakimbizi, jiwe lilikuwa mtu. Bomba lilifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne, kwa hiyo watu walishikiana nafasi kwa mawe, na kila jiwe lilihesabiwa dumu moja la maji. Aliyekuja kwa miguu yake miwili alisimama nyuma ya mawe yote, hata kama alifika alfajiri.

Aliyeonja uchungu wa jambo hilo ni Twiga, msichana mrefu aliyekaa dawati moja na Kipaza. Familia yake ilifika kambini miezi mitatu iliyopita. Walipojaribu kuweka jiwe, liliondolewa. "Mawe ni ya wenyeji," waliambiwa, na waliosema hivyo nao walikuwa wakimbizi. Mama yake alikuwa na mtoto mchanga, hivyo kuteka maji ilikuwa kazi ya Twiga. Kila siku alichelewa shule, na mara nyingi bomba lilifungwa kabla ya zamu yake.

Jumatano hiyo mwalimu wa darasa alimwita mbele. "Binti yangu, mtihani ni wiki ijayo, na wewe vipindi vya asubuhi huvijui. Ukichelewa tena kesho au keshokutwa, sitakuandikisha."

Twiga aliitikia kwa kichwa tu. Kipaza alimwonea huruma sana, akamnong'oneza, "Pole, dada. Hilo bomba lina roho mbaya."

Alasiri, wakaazi na watoto wao walikusanyika ukumbini kwa mafunzo. Mkufunzi alikuwa mama mmoja, muuguzi wa zamani, ambaye naye alikuwa mkimbizi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wenzake kuchunguza matatizo yao wenyewe. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akachora mti.

"Shina ni tatizo letu: maji hayatoshi," alisema. "Matawi ni madhara yake."

Watu walitaja ugomvi, uchafu, watoto kuchelewa shule.

"Haya, na mizizi?"

"Wageni," mama mmoja alijibu bila kufikiri mara mbili. "Tangu waje, hatupumui."

Nyuma kabisa, Twiga aliinamisha kichwa.

"Kabla hawajaja, maji yalitosha?" mkufunzi aliuliza.

Fundi wa baiskeli, mzee mwenye utani mwingi, akakohoa. "Tusidanganyane. Mwaka jana tulipigana palepale bombani. Mimi nilirudi nyumbani bila kofia."

Watu wakacheka. Mkufunzi akagawa vipande vya karatasi na penseli. "Kila mmoja achore maji yake, tangu yanapotoka bombani hadi yanapoishia. Ya jirani mwacheni ayachore mwenyewe."

Kipaza alichora madumu sita. Mawili ya kupikia na kunywa, moja la kuoga, moja la kufulia. Yakabaki mawili, na hapo penseli ikasimama. Nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mama na mdogo wake. Madumu hayo mawili hayakuwa na kazi. Kila asubuhi aliyamwaga nyuma ya nyumba, apate vyombo vitupu vya kupeleka bombani, kwa sababu mawe sita yalikuwa yanangoja. Na familia ya Twiga mara nyingi ilikosa hata dumu moja.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akisema, atamwaibisha mama mbele ya kambi nzima. Asiposema, Twiga hatafanya mtihani. Alisimama, na kwa mara ya kwanza maneno yakamtoka kwa shida.

"Mzizi mmoja ni mimi," alisema. "Tunateka madumu sita. Mawili ninayamwaga."

Mama yake naye akasimama. "Mwanangu amesema kweli. Ni mimi ninayemwambia amwage ya jana ateke mapya. Njiani kuja huku tulikaa siku mbili bila tone la maji. Tangu hapo, nikiona nafasi ya dumu imepotea, naogopa. Nimejifahamu leo."

"Basi nami niseme," fundi wa baiskeli alidakia. "Nyumbani tuko wawili, mimi na bibi yenu, lakini mawe yangu ni tisa. Nyani haoni kundule, jamani."

Safari hii kicheko kilikuwa kirefu, na mikono ikaanza kunyooshwa mmoja mmoja. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamekubaliana: hakuna jiwe tena. Kila nyumba itateka kulingana na idadi ya watu wake, wageni na wenyeji sawa, na wanafunzi watatangulia.

Alhamisi Twiga aliwahi. Ijumaa kengele ilipolia, Kipaza alimkuta ameshafungua daftari, na mwalimu akiandika jina lake kwenye orodha ya mtihani.

Jumamosi asubuhi Kipaza alikwenda na mama yake bombani. Mawe yote yalikuwa yamepangwa chini ya bomba, na pale palipokuwa na tope watu walisimama miguu mikavu.

"Mama, yangu ni yapi?" aliuliza.

"Unayakanyaga," mama alijibu. "Na usiyasahau, mwanangu. Tulitafuta mzizi kwenye nyumba za watu kwa miaka miwili, kumbe tulikuwa tukiubeba wenyewe kila jioni. Siku nyingine tatizo likitusumbua, tuanze kuuliza nyumbani kwetu."